Apewe Aliyeniua

Hapo zamani, na msiniulize mwaka, kwa sababu baadhi ya waliokuwepo bado tunapishana nao sokoni, alikuwepo fundi mmoja mjini Nachingwea, kazi yake kuchonga fimbo za kuchezea puli. Jina lake Hashimu Nambunga. Kaeni vizuri. Hadithi yenyewe haichekeshi, na mwisho wake nitawatwisha swali, kwa hiyo mwenye usingizi alale sasa hivi, asije akaamka wakati wa kujibu akaanza kuropoka.

Puli mnaijua. Meza yenye kitambaa cha kijani, mashimo sita, mipira ya rangi, na mpira mmoja mweupe unaopigwa kwa fimbo ili uitie mingine shimoni. Nyinyi mkisimama pale ukumbini mnatazama mipira. Mchezaji anaanza na fimbo. Fimbo ikipinda kwa unene wa unywele, mpira utakwenda kwa jirani. Ikiwa nyepesi nyuma, mkono unatetemeka. Ikiwa nzito mbele, bega linachoka kabla mchezo haujakolea.

Fundi Nambunga alizichonga kwa miti miwili. Mbele alitia mninga, kwa kuwa mninga ukishakauka haupindi. Nyuma, pale panaposhikwa, alitia mpingo, kwa kuwa mpingo una uzito unaoutuliza mkono. Alivikata vipande viwili kwa meno marefu, akavipachika meno kwa meno, akatia gundi, akavifunga kamba siku saba. Kisha akaizungusha fimbo kwenye kerezo, ile mashine ya kuviringishia mti, akapiga msasa, akapaka vanishi. Mwisho kabisa bintiye, Somoe, alikata kipande cha ngozi ya nyati, kiduara kidogo kuliko kifungo cha shati, akakibandika nchani. Ngozi hiyo ndiyo inayougusa mpira. Baba na binti walifanya kazi hivyo miaka kumi na sita, tangu Somoe alipoachika akarudi nyumbani, na katika miaka hiyo hawakuwahi kulala wamenuniana.

Sasa, mpingo una ubaya wake. Unga wake ni mwembamba, wa rangi ya zambarau iliyoiva. Unaingia puani, unaingia machoni, unashuka kifuani na hautoki. Fundi akaanza kukohoa. Akakohoa mwaka, akakohoa miaka mitatu. Somoe akampeleka hospitali. Daktari akamsikiliza kifua, akampiga picha, akamwita binti pembeni.

"Mpingo basi," daktari akasema. "Miti mingine kidogo kidogo, tena dirisha likiwa wazi. Lakini mpingo, hata fimbo moja, utamzika. Karakana yake ina kufuli?"

"Ina kufuli."

"Ufunguo ukae kwako. Kuanzia leo wewe ndiye daktari wake."

Somoe akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Ukakaa hapo miaka miwili.

Na miaka miwili hiyo Fundi alikaa barazani, mikono mapajani, akihesabu kuku wa jirani. Anahesabu, anapotea, anaanza upya. Ni kweli kikohozi kilipungua. Lakini na maneno yalipungua. Alikula akiambiwa kula, akaoga akiambiwa kuoga. Somoe alipita mbele yake na ndoo ya maji huku moyo unamuuma, maana alikuwa anamlinda baba yake, na yule baba aliyemjua hamwoni tena.

Ndipo akaja Yasini Mkwanda.

Yasini alikuwa mpakiaji wa magunia ya korosho ghalani, na mezani hakuwa na mpinzani kuanzia Ruangwa hadi Tunduru. Msimwonee wivu. Maisha ya mchezaji wa puli ni kusimama. Anasimama kutwa akingoja zamu yake. Anasimama kwenye basi, fimbo ameikumbatia kifuani. Anashinda jezi, anashinda kreti la soda, anarudi nyumbani vidole vyeupe kwa chaki, anakuta mke kafungasha kahama. Yasini yote hayo yalikwisha kumpata. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, macho yameanza kumfanyia hila, na mara mbili alifika mashindano ya taifa akatolewa mapema. Mwaka ule alichaguliwa mara ya tatu. Kila mtu alijua haitakuwapo ya nne. Basi siku moja, akitoka Masasi, sanduku la abiria mwenzake likaanguka juu ya mfuko wake, na fimbo aliyochongewa na Fundi miaka kumi nyuma ikapasuka pale kwenye meno.

Akasimama barazani na vipande viwili mkononi.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani kaivunja?"

"Safari, Fundi."

Fundi akavipokea vipande, akavigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ufa. Somoe alikuwa pale pembeni anapepeta mchele. Akaviona vidole vya baba yake vinaamka.

"Somoe, mwanangu," Fundi akasema, "nipe ufunguo. Nitamchongea ya mninga mtupu, mbele na nyuma. Mninga hauna neno."

Somoe akafungua pindo la kanga, akampa. Na daktari mwenyewe si alisema miti mingine kidogo kidogo? Akampa, na dirisha akalifungua kwa mkono wake.

Siku kumi na mbili fimbo ya mninga ikawa tayari. Wakaipeleka ukumbini.

Hapa niwaeleze desturi ya ukumbi wa Bwana Chitopela, kwa sababu msipoielewa hamtaelewa chochote. Fundi akikukabidhi fimbo, hupokei kwa asante. Unaweka mpira mweupe peke yake mezani, unaupiga ukagonge ukingo wa mbali urudi, kisha unasema neno moja. Moja tu, na liwe la kweli. Ukimwongopea fundi, wenzako hawachezi nawe tena. Ndiyo maana fimbo za Nambunga zilikuwa nzuri: katika miaka yote ile hakuna mtu aliyempaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Yasini akapiga. Mpira ukaenda, ukagonga, ukarudi. Fundi amesimama, kofia ameishika mkononi, na Somoe yupo nyuma yake. Yasini alijua kwa nini fimbo ile haina mpingo. Mji mzima ulijua.

"Nyepesi," akasema.

Fundi akaitikia kwa kichwa, akaichukua fimbo yake, akaenda zake. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

Siku ya tatu akaja Bi Mwanahawa, dada yake mkubwa Fundi, shangazi yake Somoe, mjane aliyekaa peke yake nyuma ya msikiti. Amekuja na mchi begani. Si mchi wa kununua. Ulikuwa wa mama yao, wa mpingo, uliotwanga mtama wa vizazi viwili. Umekauka miaka hamsini, umenyooka kabisa, unang'aa kwa mafuta ya mikono ya watu ambao wengi wao wamekwisha kufa.

"Dada, huo unaniletea wa nini?" Fundi akauliza.

"Mimi sina tena wa kumtwangia," Bi Mwanahawa akasema. "Naona umekaa tu. Usikae, mdogo wangu."

Akaulaza miguuni pake, akaondoka bila hata kunywa maji.

Somoe alikuwa sokoni. Aliporudi, kabla hajatua kikapu, akasikia mluzi karakanani; ufunguo hakuwa ameudai tangu ile fimbo ya mninga. Miaka miwili hakuusikia mluzi ule. Akasimama uani akiusikiliza, na hakuuliza kitu. Kesho yake akafua leso za baba yake, maji yakawa ya zambarau. Basi akajua, hakuhitaji kuambiwa. Akazisuuza leso, akazianika nyuma ya nyumba ambapo watu hawapiti. Kesho kutwa akafanya vilevile, na siku iliyofuata.

Mtasema, kwa nini hakumzuia? Subirini. Jioni, wakila, Fundi alimsimulia jinsi mama yake alivyomfukuza utotoni na mchi ule ule akizunguka nyumba, kwa kosa la kula nyama ya mgeni. Akacheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akatoka machozi, kisha akaomba aongezewe mchuzi. Aliomba mwenyewe! Somoe akampakulia. Baba yake alikuwa anakufa na alikuwa amerudi, vyote kwa pamoja, na yeye hakujua amshike wapi.

Sasa nawaambia jambo ambalo wakati ule hakulijua mtu mwingine. Siku ya tisa tangu mchi uletwe, adhuhuri, Fundi aliingia jikoni anajishikilia ukutani. Akauweka ufunguo kwenye kiganja cha binti yake.

"Mwanangu, nimeshindwa. Nifichie. Nikikuomba, usinipe."

Akatoka, akakaa barazani, mikono mapajani. Somoe akamchungulia mlangoni. Akamwona midomo inacheza. Alikuwa ameanza tena kuwahesabu kuku.

Somoe akavumilia mpaka alasiri. Akachambua mboga ambazo alikuwa amekwisha kuzichambua. Akafagia palipofagiwa. Kisha akatoka, akauweka ufunguo juu ya paja la baba yake. Fundi akautazama ufunguo, akamtazama yeye, akainuka taratibu, akaenda karakanani. Baada ya muda mluzi ukasikika, ingawa sasa ulikatika katikati.

Siku ya kumi na tano fimbo ikaingia ukumbini, nyuma mpingo wa mchi, mbele mninga, lakini bado haijapakwa vanishi. Fundi alitembea hatua kumi akipumzika, hatua kumi akipumzika. Yasini akamwona tangu mlangoni, na akauona ule weusi wa fimbo. Hakuwa mtoto. Angeweza kusema neno moja tu, "Sawa," na mambo yakaishia hapo. Akaweka mpira mweupe. Akapiga. Fimbo ilikuwa nzuri, wenzake walisikia kwa mlio tu. Lakini pale mkono unapoteleza palikuwa na mkwaruzo kidogo. Mtu mwingine asingeuhisi. Yeye aliuhisi.

"Bado," akasema.

Fundi akarudi na fimbo yake. Siku tano nyingine akapiga msasa, akapaka vanishi, akapiga msasa tena juu ya vanishi. Dirisha akalifunga, kwa sababu upepo ulileta mchanga ukanata. Siku ya sita Somoe akabandua ngozi ya majaribio, akakata mpya, akaibandika nchani, wakaibiringisha fimbo juu ya meza, na ikabiringika kimya, haikuruka hata mahali pamoja. Fundi akaitundika juu ya misumari miwili. Kisha akajilaza, na hakuinuka tena.

Siku ya kufa kwake, baada ya sala ya alasiri, walikuwapo wanne: Somoe, Bi Mwanahawa, Yasini, na Bwana Chitopela mwenye ukumbi. Fundi amefumba macho, maana mwanga ulimchoma.

"Ile fimbo," akasema, "msiitie katika mirathi. Apewe aliyeniua. Aipokee mbele ya watu, aseme, 'Ni mimi.' Wengine wote sina neno nao, wasamehewe. Na Somoe ndiye atakayeikabidhi."

"Baba," Somoe akasema, "ni nani huyo?"

Pumzi ikapanda, ikashuka. Hakuongeza neno mpaka roho ilipotoka, na jua lilikuwa bado juu.

Wakamzika. Siku za matanga fimbo ilikaa kwenye misumari yake na hakuna aliyeitaja mbele ya wafiwa. Uani, ndiyo, watu walinong'ona. Wanawake kwenye sufuria za pilau wakasema ni yule dada na mchi wake. Wanaume kwenye mikeka wakasema ni yule mchezaji na neno lake. Na hao wawili walipokutana mlangoni, kila mmoja alimpisha mwenzake akitazama chini. Maana ilikuwa hivi: fimbo ile mtu angeweza kuitamani, lakini kuipokea ni kukiri kuwa ameua.

Somoe hakusemwa na mtu. Watu walimshika mikono, wakamwambia, "Pole, binti. Ulimtunza mzee wako, Mungu atakulipa." Kila aliposikia hivyo alihisi kama anavuliwa nguo. Usiku na mchana alijiuliza jambo moja. Baba alipofumba macho akasema "aliyeniua," alikuwa anamsema nani? Na kama alikuwa anamsema yeye, mbona alimkabidhi kazi ya kugawa? Alikuwa anamwondolea lawama, au alikuwa anampa nafasi aseme mwenyewe? Aliyeweza kumjibu yuko chini ya mchanga.

Siku ya saba ikawa Ijumaa. Basi la Mtwara lilikuwa linaondoka saa tisa alasiri, na kesho yake ndiyo mashindano ya taifa yanaanza huko. Baada ya sala ya Ijumaa wakakusanyika barazani kwa Fundi: Bwana Chitopela, wachezaji, majirani, na wazee wa msikitini. Somoe akaitoa fimbo karakanani, akaishika kwa mikono miwili, akasimama.

Yasini Mkwanda akawa wa kwanza kuinuka. Mfuko wake wa safari ulikuwa begani, mtupu.

"Ni mimi," akasema. "Mtasema nakiri kwa sababu naitaka. Naitaka, sitawaficha. Mwaka ujao macho haya hayatauona ukingo wa meza. Lakini hata nisingeitaka, ni mimi. Kifua chake nilikijua. Mara ya kwanza nilisema nyepesi. Mnasema desturi ndiyo iliyonisemesha, sawa. Lakini mara ya pili nilimwona mlangoni hawezi hata kupumua, nikiwa na fimbo njema mkononi, na nikasema bado. Kwa ajili ya mkwaruzo! Asingerudi kwenye ule msasa, pengine leo angekuwa amekaa hapa. Nipeni fimbo, nami nitakwenda nayo nikijua ni ya nini. Nikishinda nitasema mbele ya watu wote imechongwa na nani na imemgharimu nini. Mkiifungia ndani, atakuwa amekufa kwa ajili ya pambo la ukutani."

Wachezaji wakaguna, wengi wakakubaliana naye.

Bi Mwanahawa akainuka, akijishikilia bega la jirani.

"Kaa chini, Yasini," akasema. "Wewe ulisema neno, na neno halina unga. Mdogo wangu aliposikia nyepesi alirudi nyumbani akakaa. Angekaa mpaka leo. Mpingo hakuwa nao, na msituni asingeweza kwenda. Nani aliyemfikishia mlangoni? Ni mimi. Daktari alivyosema nilijua, Somoe aliniambia siku ile ile. Nikaubeba mchi wa mama yetu kwa bega hili nikampelekea, kwa sababu nilichoka kumwona mtu mzima anahesabu kuku. Nilisema moyoni, bora afe fundi kuliko aishi gogo. Nani aliniruhusu kumchagulia? Hakuna. Nipeni. Ule mti ni wa mama yangu, na haujatimiza hata mwaka tangu uwe fimbo, ila ulikuwa mchi kwa miaka hamsini. Mimi sitaupigia mpira. Nitaulaza ndani kwangu, na siku yangu ikifika muutie moto."

Kisha akateremsha sauti, lakini wote walisikia.

"Tena nina miaka sabini na sita. Jina la muuaji nitalibeba siku chache. Nyinyi bado mna safari ndefu."

"Bi Mwanahawa," Bwana Chitopela akauliza, "unasema kweli, au unawahurumia hawa?"

"Yote mawili," akajibu, akaketi.

Wazee wakatazamana. Mmoja akasema basi hukumu iko kati ya hawa wawili, mleta mti na msema neno, na binti mwenyewe aamue. Wote wakamgeukia Somoe.

Hapo palikuwa na mlango wa kutokea, mnauona? Angeweza kuinyoosha fimbo kulia au kushoto, na hadi leo watu wangekuwa wanamshika mikono na kumwambia pole. Akaitazama fimbo. Akakitazama kile kiduara cha ngozi alichokibandika mwenyewe. Akapiga moyo konde.

"Ni mimi," Somoe akasema.

"Mwanangu, nyamaza," Bi Mwanahawa akasema.

"Hapana, Shangazi. Neno alilisikia, na mti alikuwa nao, na bado alishinda nafsi yake. Siku ya tisa aliniletea ufunguo jikoni. Akaniambia, nimeshindwa, nifichie, nikikuomba usinipe. Hakuniomba. Wallahi hakuniomba! Alikwenda akakaa kimya barazani, na mimi mwenyewe nikamfuata nikamrudishia. Nikauweka hapa, pajani, kama mtu anavyomwekea mtoto chakula. Daktari aliniambia wewe ndiye daktari wake. Yasini hakuambiwa hivyo. Shangazi hakuambiwa hivyo. Nilitaka kumsikia anapiga mluzi. Siku kumi na moja za mluzi, ndizo nilizomuulia baba yangu."

Bi Mwanahawa amejiziba mdomo kwa ukaya wa kichwani. Yasini ameshusha mfuko wake chini, machozi yanamtoka waziwazi.

"Na fimbo hii naitaka," Somoe akaendelea. "Sijui kucheza. Lakini ndiyo kazi yetu ya mwisho, mkono wake nyuma na mkono wangu mbele, na sina kitu kingine cha kumkumbukia. Ila nikiichukua, Yasini atapanda basi mikono mitupu, na Baba aliichonga kwa kipimo cha Yasini."

"Dada Somoe," Yasini akasema, "ulimrudishia ufunguo kwa kumpenda. Mimi nilisema bado kwa kuipenda fimbo. Hatulingani."

"Na ile dhamana ya daktari je?" mzee mmoja akauliza. "Aliyepewa dhamana akaivunja kwa kupenda, na asiyepewa dhamana akakosa kwa kujipenda, nani ana kosa kubwa?"

"Mimi naona alijiua mwenyewe," kijana mmoja wa ukumbini akasema kutoka nyuma. "Mtu mzima, mikono yake, msasa wake."

"Marehemu hawezi kujirithi," Bwana Chitopela akamkata. "Na alisema apewe mtu. Hakusema azikwe nayo. Somoe, baba yako alikuteua wewe. Sisi tutashuhudia tu. Ila fahamu, ukijipa mwenyewe kuna watakaosema umejipendelea, na ukimpa mwingine kuna watakaosema umemtwisha mzigo wako."

Stendi si mbali na pale. Basi la Mtwara likapiga honi mara ya kwanza, ile ya kuwaita abiria. Somoe bado amesimama. Mbele yake watu wawili wamenyoosha mikono, na kila mmoja ametamka maneno yale yale aliyoyatamka yeye. Mmoja akiipokea, wawili watakuwa wamesamehewa na marehemu kwa kauli yake mwenyewe, na huyo mmoja peke yake ataitwa aliyemuua Nambunga, maisha yake yote, na watoto wa mtaani watamwonyeshea kidole. Honi ikalia mara ya pili.

Alichokifanya Somoe mimi nakijua, na siwaambii. Nilipokuwa nawaambia watu, waliacha kufikiri wakaanza kumsema. Na msiniletee habari za kuikata fimbo vipande vitatu, maana fimbo iliyokatwa ni kuni, na mzee hakufa kwa ajili ya kuni.

Haya, nimewafikisha barazani, fimbo iko mikononi mwenu na basi linaunguruma. Yuko aliyesema neno la kweli ambalo angeweza kulimeza. Yuko aliyeleta mti akijua. Yuko aliyeurudisha ufunguo bila kuombwa. Nijibuni, tena mnijibu mkinitazama usoni: nani alimuua Fundi Nambunga, na je, ni yeye huyo aliyestahili kupewa fimbo?